Safu ya Protini Haifungwi Siku ya Kujifungua

Kadi ya kliniki ya wajawazito ina safu ambayo wengi wetu huipita kwa macho tu: protini kwenye mkojo. Mama akifika anapimwa uzito, anafungwa mkanda wa presha, anapewa kikopo aende nacho chooni, na nesi anaandika alama ya kutoa au ya kujumlisha. Mtoto akishazaliwa, kadi inayofuata ni ya mtoto, na chanjo zake na mstari wake wa uzito. Mkojo wa mama hauulizwi tena mpaka mimba nyingine iingie. Mwanamume ndiyo kabisa, hana hata kadi ya kuanzia. Mimi figo zangu zilijulikana zina tatizo kupitia safu ile, na zilijulikana mapema kwa sababu nesi mmoja hapa Tanga alikataa kuifunga nilipojifungua.

Ni fundi cherehani, nakaa Makorora. Mimba yangu ya kwanza ilikwenda vizuri hadi ilipoingia mwezi wa nane. Miguu ikaanza kujaa, nikawa nashona nguo moja nainuka. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, akasema mimba ya mtoto wa kiume ndivyo ilivyo, maji yanateremka miguuni. Kisha uso nao ukawa unajaa kila asubuhi, kichwa kinagonga, na macho yanaona vimulimuli. Kliniki presha ilikuwa juu sana na kijiti cha mkojo kiligeuka kijani kilichoiva. Nesi akaandika +++. Presha ya mimba huhesabiwa kuanzia 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, na ikija pamoja na protini ndipo wanapoanza kukimbia, maana kinachofuata kinaweza kuwa kifafa cha mimba. Siku ile ile nikapelekwa Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Nikachomwa magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege, nikapewa dawa za kushusha presha, nikaanzishiwa uchungu, mtoto akatoka mdogo lakini analia. Kwa hayo siendi mbali. Walioyapitia wanayajua, na wasioyapitia Mungu awaepushe nayo.

Siku ya kuruhusiwa, nesi mmoja mtu mzima akavuta kiti akakaa karibu na kitanda changu.

"Mwanangu, kilicholeta presha hii ni kondo la nyuma, na limeshatoka. Sasa na protini inatakiwa iondoke. Ikiondoka, tunashukuru. Isipoondoka, figo zina neno. Arobaini ikiisha niletee mkojo."

"Hata kama sina uvimbe?"

"Hata kama unacheza ngoma."

Baadaye nilielewa alichokuwa anasema. Katika maradhi haya kondo la nyuma humwaga kwenye damu vitu vinavyoumiza ukuta wa ndani wa mishipa midogo, na vichujio vya figo vimejaa mishipa midogo ya aina hiyo. Kondo likitoka, ukuta ule hupona taratibu. Kwa wanawake wengi protini hupungua wiki hadi wiki na ndani ya miezi mitatu huwa imekwisha. Ikipita hapo na bado ipo, ama figo ziliachiwa jeraha, ama zilikuwa na shida kabla ya mimba na hakuna aliyewahi kuzitazama. Na mwanamke aliyepata dalili za kifafa cha mimba, hata protini ikimwisha kabisa, ana hatari kubwa kuliko wenzake ya kupata presha na ugonjwa wa figo miaka ya mbele. Hili la mwisho ningependa liandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa kila wodi ya wazazi.

Nikarudi nyumbani, nikakandwa kwa maji ya moto, nikanyweshwa uji wa pilipili manga, nikafungwa tumbo kama inavyotakiwa. Uvimbe uliisha, presha ikashuka. Arobaini ilipokaribia nikamwambia shangazi kwamba natakiwa kurudi na mkojo.

"Mkojo wa nini tena?" akauliza. "Mtu akishajifungua, maradhi ya mimba yameshamtoka. Au unaumwa kiuno?"

"Siumwi, shangazi."

"Basi. Hospitali ni ya wagonjwa."

Maneno ya shangazi si ya kubezwa, kwa sababu ndivyo tunavyoyajua maradhi yote: kinachouma ndicho kinachotibiwa. Shida ni kwamba figo zikianza kuharibika haziumi. Kiuno kinachouma mara nyingi ni misuli au uti wa mgongo; figo zenye ugonjwa wa polepole zinaweza kwenda miaka bila kumpa mtu hata ishara moja. Mkojo utatoka kama kawaida, wa rangi ile ile, kwa kiasi kile kile. Kuvimba, kuchoka, kichefuchefu na kuwashwa mwili huja wakati sehemu kubwa imeshakwenda. Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna baba anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila safari analazwa kwenye mashine kwa muda wa karibu saa nne. Mwenyewe husema alianza kuumwa mwezi uliotangulia mashine. Mwili wake ulikuwa umeanza zamani sana, ila ulikuwa haumwambii.

Figo zetu mbili zina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni mbili. Kwa siku moja hupitisha kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kubakiza lita moja au mbili za mkojo. Anayejua kukamua nazi ataelewa upesi: kifumbu kizima hupitisha tui na kuzuia machicha, na kikianza kulegea msuko, machicha ndiyo yanayokwambia, kabla kifumbu hakijatoboka. Kwenye figo machicha ni albumini, protini ambayo damu huihitaji na haina kazi kwenye mkojo. Mtu mzima hupoteza protini kidogo mno, chini ya miligramu 150 kwa siku. Ikizidi hapo na ikaendelea kuzidi, msuko umelegea.

Kabla arobaini haijaisha nilipata maumivu chini ya tumbo, nikaingia maabara moja ndogo ya mtaani. Nikatoa mkojo, nikapewa karatasi na maelezo ya neno moja: UTI. Nikaandikiwa vidonge. Nilipoisoma ile karatasi mwenyewe njiani, chini kabisa palikuwa pameandikwa protini ++, na hakuna aliyenitajia. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona kwa watu wengi tangu siku ile. Tunapima mkojo sana mjini hapa, kila mwenye homa anapima mkojo, lakini kinachotafutwa ni UTI tu, na kikishapatikana au kikishakosekana karatasi inakunjwa. Kile kijiti kina vipande vingi vya rangi: sukari, damu, chembe nyeupe, na protini imo humo humo. Umeshalipia. Iulizie.

Nesi wangu alipoiona karatasi ile hakushtuka. Akasema mkojo uliotolewa wakati damu ya uzazi bado inatoka hauaminiki, maana damu na uchafu wa ukeni huongeza protini ambayo haikutoka kwenye figo. Maambukizi nayo huongeza. Akanieleza namna ya kuleta mkojo wa maana, na tangu hapo sijaiacha. Uwe mkojo wa kwanza wa asubuhi, mara baada ya kuamka. Unajisafisha kwa maji, unaacha mkondo wa mwanzo uende chooni, unakinga wa katikati kwenye kikopo safi kutoka maabara. Usitumie chupa ya soda wala kopo la dawa lililosuuzwa. Unaupeleka mapema, haukai nyumbani mpaka adhuhuri.

Asubuhi ya mtoto kutimiza arobaini nikaupeleka, na yule kijana wa maabara akaniruhusu nitazame. Alichovya kijiti, akakikung'uta ukingoni mwa kikopo, akatazama saa. Kipande cha protini ni cha njano. Albumini ikikigusa huelekea kijani, na ikiwa nyingi kijani hicho huingia ubuluu. Husomwa baada ya sekunde 60 kwa kulinganisha na rangi zilizochapwa ubavuni mwa kopo la vijiti. Ukisoma kabla au ukakisahau, rangi inakudanganya. Alama moja ya kujumlisha ni kama miligramu 30 za protini kwa desilita ya mkojo, mbili ni kama 100, tatu ni kama 300. Yangu ilikuwa mbili. Nilimwona anafunga kopo haraka nikamuuliza kwa nini, akasema hewa ya huku pwani ina unyevu, na kopo likiachwa wazi vijiti huharibika rangi kabla havijagusa mkojo wa mtu. Kwa hiyo hata wewe unaponunua vyako duka la dawa, tazama tarehe na hakikisha kopo halikuwa limefunguliwa.

Mtu asikae akalia kwa kijiti kimoja. Homa kali inaweza kuleta protini ya siku mbili tatu. Mazoezi mazito vilevile: kijana aliyepiga baiskeli kwa nguvu kutoka Pongwe akaingia maabara moja kwa moja anaweza kuonyesha + na figo zake ni nzima. Mkojo mzito wa mtu asiyekunywa maji nao hupandisha rangi. Ndiyo maana kipimo hurudiwa, na ndiyo maana madaktari husubiri miezi mitatu kabla ya kuyaita maradhi ya figo ya kudumu. Nilirudia. Miezi mitatu ilipotimia, alama mbili zilikuwa zimebaki moja, lakini hiyo moja haikuondoka. Presha nayo ilikuwa imeanza kupanda tena kidogo kidogo.

Daktari alinipima damu, kreatinini ikawa ya kawaida kabisa. Figo zikatazamwa kwa ultrasaundi, ukubwa wake mzuri, hazina mawe. Nikafurahi, nikadhani nimeambiwa niende nyumbani. Daktari akaniweka sawa bila kunitisha: kreatinini ni taka inayobaki kwenye damu figo zinaposhindwa kuitoa, na inaweza kubaki ndani ya kiwango cha kawaida hata mtu akiwa amepoteza karibu nusu ya uwezo wa figo, kwa kuwa vichujio vilivyobaki hufanya kazi ya wenzao. Damu yangu ilikuwa haijui kitu bado. Mkojo peke yake ndio uliokuwa unasema.

Kisha akaagiza kipimo kingine cha mkojo ambacho zahanati nyingi hazina, cha kulinganisha albumini na kreatinini iliyomo kwenye mkojo huo huo. Uzuri wake ni kwamba hakidanganywi na maji uliyokunywa. Chini ya miligramu 30 za albumini kwa kila gramu ya kreatinini ni salama. Kati ya 30 na 300 imeongezeka. Zaidi ya 300 imeongezeka sana. Mimi nilikuwa pale katikati. Kijiti cha kawaida hakioni vizuri hapo mwanzoni mwa ngazi, kinaweza kusoma "hakuna" wakati albumini imeshaanza kuvuja. Mwenye kisukari asiridhike na kijiti peke yake. Ashauriwe kufanyiwa kipimo hiki walau mara moja kwa mwaka.

Nikaanzishiwa enalapril. Nilikuwa nanyonyesha, na daktari akanihakikishia kwamba kwa mtoto wa umri ule haina shida. Dawa za kundi hili hushusha presha, lakini zina kazi ya pili ambayo ndiyo tuliyoihitaji: hupunguza msukumo wa damu ndani ya vichujio, na uvujaji wa protini hupungua. Kuna wagonjwa hata hupewa bila kuwa na presha kubwa, kwa ajili ya kazi hiyo tu. Baada ya wiki mbili nikarudi kupimwa damu, kreatinini na potasiamu, maana kwa baadhi ya watu hupanda. Kikohozi kikavu nacho nilionywa nikiripoti, mimi sikukipata. Onyo kubwa lilikuwa lingine: dawa hii hailiwi na mjamzito, inamdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo siku ile ile nilipelekwa chumba cha uzazi wa mpango na mume wangu akiwa mlangoni ananisubiri.

Dawa za maumivu tulizozoea nikazikata. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila fundi wa mtaa wetu humeza mgongo ukimuuma, huminya damu inayokwenda kwenye figo, na zikitumika mara kwa mara zinaumiza. Nikiumwa kichwa nameza paracetamol. Mizizi ya "kusafisha figo" iliyoletwa na jamaa wenye nia njema nayo niliiweka pembeni. Sijui ndani mna nini, na ziko dawa za miti ambazo zimeharibu figo za watu.

Lakini vita yenyewe ilikuwa jikoni. Nyumba yetu ni ya ng'onda na papa mkavu. Shangazi hapiki mchuzi wa nazi bila kipande cha ng'onda, na pembeni pana achari ya ndimu iliyokaa juani wiki nzima ndani ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ile iliyokwishaingia kwenye samaki, kwenye mkate na kwenye vidonge vya supu. Daktari aliniambia chumvi ikizidi, enalapril inakuwa kama imefungwa mikono: presha haishuki vizuri na protini haipungui. Nilimweleza shangazi hivyo hivyo. Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaja na changu wabichi kutoka sokoni, akawapika kwa nazi, ndimu mbichi, bizari na pilipili, na chungu cha pili cha ng'onda akakiweka upande wake mwenyewe. Mpaka leo jikoni kwetu kuna vyungu viwili.

Wengine walinishauri, kwa kuwa protini inatoka, niirudishe kwa kula mayai na nyama kwa wingi. Inaingia akilini, lakini sivyo. Nyama nyingi huongeza mzigo wa vichujio vilivyokwishachoka. Mimi niliambiwa nile kiasi cha kawaida cha mtu anayenyonyesha, maharage, samaki, yai, bila kujaza. Na maji mengi hayaoshi protini; yanapunguza rangi kwenye kijiti tu.

Ilipokuwa shangazi ameshakubali, nikamgeukia yeye. Ana kisukari cha miaka mingi na hakuna siku aliyowahi kupimwa protini; hupimwa sukari, anapewa dawa, anaondoka. Kijiti kilisoma hakuna, na nilimwona anataka kuinuka kwa ushindi. Kile kipimo cha albumini kikasema ameshavuka 30. Sasa naye anakunywa dawa ya kundi lile lile, na kile chungu chake cha ng'onda kimekuwa kidogo kidogo kinapungua, ingawa hataki kisemwe. Shemeji yangu anayekaa bondeni kuelekea Muheza alikutwa na damu pamoja na protini. Darubini ikaonyesha mayai ya kichocho, akapewa praziquantel. Mume wangu hana kitu. Alirudi na karatasi yake ameikunja vizuri mfukoni, akaiweka kwenye kabati pamoja na hati ya kiwanja.

Kwa hiyo ukiniuliza nani apime, nitakutajia wale ninaowaona kila siku dukani kwangu: mwenye presha, mwenye sukari, mwenye virusi vya Ukimwi, mwenye selimundu, ambaye nyumbani kwao yupo aliyeugua figo, anayemeza dawa za maumivu mfululizo, anayeona povu kwenye mkojo linalokaa bila kuvunjika. Na kila mama aliyewahi kuandikiwa ++ kwenye ile kadi, hata kama mtoto mwenyewe sasa yuko sekondari.

Mwanangu sasa anatembea akishikilia ukuta, na tumeanza kuzungumza juu ya mwingine. Daktari hakunikataza. Amesema mimba ya mwenye figo kama zangu hupangwa. Kwanza albumini ishuke chini ya 30 au karibu yake na presha ikae. Kipimo changu cha mwisho kilikuwa kimebakiza kidogo. Halafu enalapril iondolewe na nihamie methyldopa, dawa ya presha ambayo mjamzito anaruhusiwa, kabla mimba haijaingia. Mimba ikishapita wiki ya 12 nianze aspirini ya kiwango kidogo kila usiku, isingoje kupita wiki ya 16, kwa sababu imeonekana kupunguza uwezekano wa ile hali kurudi. Na kliniki nianze mapema, na kreatinini na kipimo cha albumini viandikwe mwanzoni kabisa, ili protini ikipanda baadaye wajue imepanda kutoka wapi. Nitapimwa tena baada ya Idi, kisha tutaamua.